Gari Lililokataa Kona

Muuza magodoro alikuwa na mke, mapacha wa kike, duka lenye wateja na mgongo usiouma, na bado hakuwa na raha. Kilichomkosesha raha ni jina. Katika chama cha wapenda tope, ambacho wanachama wake hukutana mwisho wa wiki kuingiza magari mahali ambapo magari hayana kazi, kila mtu alikuwa na jina la vita. Mwenyekiti aliitwa Kamanda, ingawa siku za kazi alikuwa akichapisha kadi za harusi. Mweka hazina aliitwa Kifaru. Lakini muuza magodoro, siku ya kwanza alipojitambulisha na kutaja biashara yake, Kamanda alimtazama tumbo, akawatazama wenzake, akasema, "Basi wewe ni Godoro." Jina likashika.

Alijitahidi kulibandua. Alinunua buti nzito na suruali yenye mifuko mingi kuliko vitu vya kutia mifukoni. Gari lake, pikapu ya zamani inayosukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake, alilinyanyua kwa springi ndefu na kulivika matairi mapana yenye meno, mpaka mama mkwe wake akawa hawezi kulipanda bila kigoda. Ubavuni akafunga koleo jipya, na kila Jumamosi akalipangusa vumbi. Chama kilimsifu sana kwa yote hayo. Kikaendelea kumwita Godoro.

Siku iliyomkata maini ilikuwa siku ya matembezi ya chama, aliponasa kwenye kidimbwi ambacho bata angekivuka bila kulowa kifua. Gurudumu moja la nyuma lilizunguka kama pia, likirusha tope mpaka kwenye miwani ya Kifaru, na mwenzake limetulia tuli kana kwamba mambo hayo hayalihusu. Wakamvuta kwa trekta lililokuwa likipita na shehena ya kabichi. Juu ya kabichi walikaa wanawake watatu, na mmoja wao aliuliza, kwa upole kabisa, kama bovu ni gari au dereva.

"Si kosa lako, Godoro," alisema Kamanda, akimwekea mkono begani mbele ya watu wote. "Ni difu. Difu lako lina huruma."

"Huruma gani?"

"Umeona mwenyewe. Gurudumu moja likiteleza, difu linalipa nguvu zote hilo hilo linaloteleza. Lile lililosimama pakavu linaachwa lipumzike. Ukienda hivyo utavutwa na trekta maisha yako yote."

"Dawa yake nini?"

Kamanda alitazama mbali, kama daktari anayetaka kutaja ugonjwa mkubwa. "Lichomelee," akasema.

Kwa asiyejua, difu ni lile bonge la chuma lililo katikati ya ekseli ya nyuma, na ndani yake mna meno ya kugawa nguvu za injini. Gari likikata kona, gurudumu la nje husafiri njia ndefu na la ndani njia fupi, na difu ndilo linaloyaruhusu kila moja liende mwendo wake. Ukiyachomelea yale meno ya ndani, magurudumu mawili yanakuwa kitu kimoja. Kwenye tope hilo ni jambo zuri, maana likiteleza moja, la pili linaendelea kusukuma. Kwenye lami, kila kona ni ugomvi: mawili hayawezi kwenda sawa, na hakuna linalokubali kumwachia mwenzake. Sehemu hii ya pili Kamanda hakuigusa. Alikuwa ameanza kuzungumzia chakula.

Gereji aliyoizoea muuza magodoro ilikataa kazi hiyo. Akaenda kwa fundi aliyekuwa akitengeneza mageti na madirisha ya chuma nyuma ya soko. Fundi akalala chini ya gari, akatazama, akatoka.

"Vitu hivi vyote viwe kitu kimoja?"

"Kitu kimoja."

"Visizunguke tena?"

"Vizunguke, lakini pamoja."

Fundi akafikiri. "Kama geti la milango miwili lenye komeo moja."

"Hasa."

Kazi ilipoanza na cheche zikaruka, ndipo muuza magodoro alipopata wazo la kuuliza. "Ushawahi kuchomelea difu?"

"Chuma ni chuma," alisema fundi bila kuinua kinyago.

"Hili si dirisha."

"Hata dirisha lilikuwa geni kwangu siku ya kwanza."

Jibu hilo lilimridhisha. Alikuwa kwenye hali ya kuridhishwa na jibu lolote.

Kona ya kwanza ilikuwa pale pale kwenye soko. Alizungusha usukani, na gari likafikiri kidogo, likaenda moja kwa moja. Akaongeza usukani. Ndipo kikatoka chini kilio kirefu cha mpira juu ya lami, kisha kishindo kama sanduku la vyombo limeangushwa kutoka ghorofani, kisha kilio tena. Kinyozi akatoka nje na mashine mkononi, na mteja wake akatoka nyuma yake na nusu ya ndevu. Mama mmoja akamvutia mwanawe ukutani. Muuza magodoro alitazama nyuso zile zote na kifua kikamjaa. Kwa mara ya kwanza maishani mwake watu walikuwa wamempisha.

Mkewe alikuwa mkunga, na jioni hiyo alikuwa ametoka zamu. Muuza magodoro alimkuta mlangoni ameshika kiuno.

"Umegonga nini?"

"Sijagonga kitu, Mama Mapacha."

"Basi nani anakufa chini ya gari?"

"Ni difu hilo. Nimelichomelea."

"Kwa nini?"

"Lilikuwa na huruma."

Mama Mapacha alimtazama. Kazi yake ilikuwa kuzalisha, na hakuwa mtu wa kushtushwa na kitu kwa sababu tu kinapiga kelele. Alichokiona, na ndicho kilichomfanya asiulize zaidi, ni kwamba mumewe alikuwa akicheka peke yake. Hakuwa amemwona akicheka peke yake tangu afungue duka. "Haya," akasema. "Nawa mikono, tule."

Angeweza kuliweka gari lile nyumbani na kulitoa siku za tope. Duka lilikuwa na gari lake la kupelekea mizigo, zuri, jeupe, lenye picha ya mtu aliyelala ubavuni mwake. Lakini Kamanda alishatamka kwenye mkutano kwamba mwenye gari la porini la kuegesha ni mwigizaji. Basi muuza magodoro akawa analiendesha kila siku iendayo kwa Mungu: dukani, shuleni, sokoni, hospitali, na msibani mara moja, ambako waombolezaji walisimama wakidhani marehemu ana jamaa mwingine anayelia njiani.

Alianza kuyaona mambo ya mji kwa upana wa kona zake. Duka lake lilikuwa mtaa wa pili tu, kushoto na kushoto tena, lakini kushoto ile ya pili ilikuwa kali. Akawa anakwenda moja kwa moja mpaka kituo kikuu cha mabasi, anapinda kwa nafasi kwenye uwanja wake, anapita nyuma ya hospitali na mbele ya makaburi, anarudi dukani kwa upande wa pili. Akichelewa, husema amepita njia ya wazi. Kuegesha ilikuwa kazi nyingine. Kwenye uwanja wa duka kubwa la vyakula, alipokuwa akijaribu kuingia baina ya magari mawili, mlinzi alisogea taratibu, akamwambia kwa adabu kwamba nje ya uzio kuna nafasi tele, tena bure.

Mapacha walizoea haraka. Walijua kabla ya kila kona waegemee wapi, na waliegemea pamoja kama abiria wa meli. Shuleni ndiko kulikokuwa na matatizo. Asubuhi moja mwalimu mkuu alimngojea getini.

"Baba Mapacha, samahani. Darasa la kwanza asubuhi wanafanya imla."

"Vizuri sana."

"Mwalimu akitamka neno, gari lako linajibu. Juzi watoto wengi wameandika kitu ambacho hatukijui."

Wakakubaliana awe anawashusha kwenye kiwanja cha mpira, ng'ambo ya mtaro.

Mama mkwe alikuwa akiishi nao na kila mwezi alipelekwa kliniki ya presha. Alimpenda mkwe wake, na kwa sababu hiyo hakuwahi kulalamika. Alipanda kwa kigoda, akaketi mbele, akafunga mkanda, akashika mpini wa juu ya mlango kwa mikono yote miwili, na kwenye kila kona alifumba macho. Baada ya safari ya pili muuguzi alipima presha, akapima tena mkono wa pili, akakunja uso.

"Mama, umekula nini asubuhi hii?"

"Sijala kitu, mwanangu. Nimeletwa na mkwe wangu."

Muuguzi akaandika dawa nyingine. Muuza magodoro alipoambiwa, alisikitika kwa dhati, akamnunulia mama mkwe mto wa shingo kutoka dukani kwake, wa povu bora kabisa.

Dukani nako mambo yalikuwa yamebadilika. Alikuwa akizunguka baina ya magodoro na buti zake, na mteja akibonyeza godoro laini akasema ah, yeye husimama kando akatikisa kichwa. Alimwambia bibi harusi mmoja kwamba ulaini ndio unaoharibu watu. Bibi harusi akamtazama bwana harusi, wakaenda kununua kitanda mahali pengine.

Lakini chamani aling'ara. Kwenye mkutano wa nje uliofanyika kwenye uwanja wa maonyesho, alizunguka mara moja mbele ya wanachama wote, na kile kilio na kile kishindo vikarudi kutoka kwenye kuta za mabanda. Wakapiga makofi wamesimama. Kamanda akainua mkono wapate kutulia. "Kuanzia leo," alisema, "huyu ni Chuma."

Alirudi nyumbani akikaribia kulia. Alimsimulia mkewe mara mbili, na mara ya pili akiwa amesimama.

"Hongera," alisema Mama Mapacha. "Na Kamanda, lake alilichomelea lini?"

"Zamani. Zamani sana, nadhani."

"Unadhani."

"Mama Mapacha, mtu kama yule haulizwi."

Kisha mvua zikaanza. Hapo ndipo alipogundua kwamba gari lililochomelewa difu, lami ikilowa, lina tabia ya pili. Ilikuwa saa ya watu kwenda kazini, na alikuwa akizunguka mzunguko mkubwa wa katikati ya mji, ule wenye bustani ya maua. Nyuma ya gari ikaamua kutangulia. Aliona benki, akaona posta, akaona kituo cha mafuta, akaiona benki tena, na gari lilipotulia lilikuwa limesimama vizuri kabisa kwenye njia, limewaelekea wale wote waliokuwa wakimfuata. Hakuna aliyeguswa. Askari wa barabarani, mama wa makamo aliyevaa koti la mvua, akamjia polepole.

"Unatoka wapi?"

"Huko." Akaonyesha mbele yake.

"Na unakwenda wapi?"

Akaonyesha nyuma. Kisha akaona si hivyo, akaonyesha mbele tena. "Samahani, afande. Gari limegeuka."

"Limegeuka lenyewe?"

Akamweleza. Alianza na huruma ya difu, akaingia kwenye tope, akaeleza habari za magurudumu mawili kuwa kitu kimoja, na jinsi chama kilivyompongeza. Askari alisikiliza yote, huku maji yakimchuruzika kofiani na honi zikilia nyuma yake.

"Hebu nielewe," alisema mwishowe. "Gari lilikuwa zima."

"Ndiyo."

"Ukampelekea fundi."

"Ndiyo."

"Fundi akaliharibu kama ulivyomwagiza."

"Ukisema hivyo, afande, inasikika vibaya."

"Mimi nimesema ulivyosema." Alitazama koleo la ubavuni, akatazama buti. "Hapa mjini unachimba wapi?"

Askari akayasimamisha magari yote ya mzunguko kwa mkono wake, akamwachia nafasi ya kugeuka, na ilimbidi ageuke kwa kwenda mbele na kurudi nyuma mara nyingi, kila mara kwa kilio, mbele ya wafanyakazi wa benki waliokuwa wamejaa dirishani.

Hilo lingemtosha mtu mwingine. Yeye alijipa moyo kwamba mvua iliyomwaibisha mjini ndiyo iliyokuwa ikimwandalia tope bondeni. Na kweli, wiki ile ile Kamanda akatangaza kwamba Jumapili chama kitavuka bonde la machimbo ya zamani ya udongo. Bonde hilo wakati wa mvua halikuwa limewahi kuvukwa na mwanachama hata mmoja.

Jumapili walikusanyika ukingoni, magari yote yamepangwa kama kwenye gwaride. Tope lilikuwa la rangi ya chungu kibichi, limejaa bonde zima, na lilionekana kama kitu kinachopumua. Kamanda alilitazama kwa muda, akarekebisha kofia. "Chuma atangulie," akasema. "Atufungulie njia."

Akaingia. Gari lilizama mpaka nusu ya magurudumu, likasita, na yeye akaongeza mafuta kidogo kidogo kama alivyofundishwa. Gurudumu la kulia likapoteza mahali pa kukanyaga. Alilisikia likipoteza. Na kwa mara ya kwanza jambo hilo halikuwa na neno, kwa sababu la kushoto lilikuwa limeshika na lilikuwa likisukuma, na gari likasogea, likayumba, likasogea tena, tope likipanda kwenye kioo na injini ikinguruma kwa sauti moja isiyokatika. Alipaza sauti peke yake humo ndani, maneno yasiyo na maana, kama anavyopaza mtoto anayesukumwa kwenye bembea. Hakufikiria chama wala jina. Kama kuna haki, na liandikwe kwamba kwa muda ule lile difu la fundi wa madirisha lilifanya kazi yake barabara, na mwenye gari alikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote tunaowafahamu.

Alitokea upande wa pili. Akapanda kijilima, akategemea kuona pori. Aliona barabara ya lami yenye mistari myeupe, na kituo cha basi chenye paa. Ndani ya kituo alikaa mwanamke mmoja mwenye viatu safi na mwavuli uliokunjwa.

"Umepita bondeni?" aliuliza yule mwanamke. "Walikuwa wanakufukuza?"

"Hapana. Nimepita kwa hiari."

"Barabara hii huijui?"

"Inatoka wapi?"

"Mjini. Si ndiko ulikotoka?" Alimtazama kwa wasiwasi kidogo, akasogeza mkoba wake karibu.

Aliwangoja wenzake. Basi likaja, likamchukua yule mwanamke, likaondoka. Mwishowe akapiga simu.

"Kamanda, njia iko wazi. Mko wapi?"

"Tumeondoka, Chuma. Tumekaa sehemu tunakula. Tulilitazama tena lile tope, tukaona leo si zuri."

"Si zuri kwa vipi?"

"Lina tope sana." Nyuma yake zilisikika sahani. "Lakini tumekupiga picha. Umetoka vizuri mno."

"Wewe ungepita, Kamanda. Na difu lile."

"Lipi?"

"La kuchomelea."

"Mimi?" Kamanda alicheka kwa wema. "Mimi sijachomelea, ndugu yangu. Mjini ningezungukaje? Nina kadi za kupeleka kwa wateja."

Muuza magodoro aliaga kwa adabu, kwa sababu hakujua kufanya vingine. Akakaa na simu mapajani. Kilichomuuma zaidi, alivyosimulia baadaye, si uongo, maana akitafuta hakuuona uongo wowote. Kamanda hakuwahi kusema amelichomelea la kwake. Ni yeye mwenyewe aliyemjazia.

Akawasha gari aende nyumbani. Pale barabara ilipopinda mara ya kwanza kulisikika kile kilio cha kawaida na kile kishindo, kisha kishindo kingine ambacho hakikuwa cha kawaida, na baada yake sauti kama ya mtu anayetafuna mawe. Kipande cha ule mchomeleo kilikuwa kimekatika na kuangukia kwenye meno makubwa ya difu, na meno yakasagika yote. Injini ikanguruma, ila gari halikusogea. Akampigia mkewe.

Mama Mapacha alikuja na gari jeupe la dukani, na kamba, na mama yake mzazi.

"Mama umemleta wa nini?" aliuliza muuza magodoro.

"Amekataa kubaki," alisema mkewe, akifunga kamba kwa fundo ambalo halikuhitaji kufungwa mara ya pili. Hakuuliza lolote. Alitazama tope mpaka juu ya paa, akamtazama na yeye usoni. "Umevuka?"

"Nimevuka."

"Peke yako?"

"Peke yangu."

"Vizuri," alisema, na alikuwa na maana hiyo hiyo. Akaenda kukaa kwenye usukani wa gari la magodoro.

Mama mkwe akataka kigoda, akapanda pikapu. "Siwezi kukuacha ukae humu peke yako," akasema, akafunga mkanda, akashika mpini kwa mikono yote miwili.

"Mama, safari hii tunavutwa tu. Injini imezimwa. Hakuna kelele."

Alikosea. Magurudumu ya nyuma yalikuwa bado yameunganishwa na mchomeleo uliobaki, na hata gari likivutwa likiwa maiti, kwenye kona lililia vile vile, tena sasa kwa sauti ya wazi zaidi kwa kuwa hakukuwa na injini ya kuifunika. Wakaingia mjini hivyo, jioni ya Jumapili watu wakiwa barazani: mbele gari jeupe lenye picha ya mtu aliyelala usingizi mnono, nyuma pikapu ya tope ikipiga mayowe kwenye kila kona, na ndani yake mwanamume aliyekaza macho mbele na bibi aliyefumba ya kwake.

Walipofika kwenye njia iliyonyooka, mama mkwe akayafumbua. "Mwanangu, nikuulize kitu. Usinielewe vibaya."

"Uliza, mama."

"Hivi lilikuwa baya? Nilifikiri ndivyo magari haya yalivyo. Nilikuwa najiambia, ukubwa una mambo yake."

"Ningekwambia, mama. Ni mimi niliyeliharibu."

"Kwa makusudi?"

"Kwa makusudi."

Bibi alifikiri kwa urefu wa ukuta wa hospitali. "Marehemu baba mkwe wako alivunja ukuta wa chumba chetu atengeneze dirisha," akasema. "Upande wa pili kulikuwa na chumba cha jirani." Wakafika kwenye kona, akafumba macho.

Gereji ile iliyokataa kazi mwanzoni ikakubali kufunga difu jingine, zima, la kawaida, lenye huruma zake zote. Fundi wa madirisha alipopewa habari alisikitika, akasema angejua lingepita kwenye kona angetumia fimbo nene zaidi ya kuchomelea. Chama kiliitisha mkutano kumpongeza Chuma kwa kuvuka bonde. Hakwenda. Hakujitoa pia. Alisema ana mizigo ya kupeleka, na mara hii ilikuwa kweli. Mama mkwe alipimwa presha, muuguzi akaandika, akafuta, akapima tena, akamwondolea ile dawa ya pili. Bibi akaona kliniki imepoa siku hizi.

Tabu ikawa moja: hakuna aliyejua tena muuza magodoro anarudi saa ngapi. Zamani walimsikia tangu kituo cha mabasi, wakapata nafasi ya kupasha chakula na kukusanya vitabu. Sasa gari liliingia uani kimya kama paka. Jioni moja alirudi hivyo, akavua buti barazani, akasikia kelele sebuleni. Mlango ulikuwa wazi nusu. Alichungulia.

Viti vya mezani vilikuwa vimepangwa viwili viwili katikati ya chumba. Pacha mmoja alikuwa mbele ameshika mfuniko wa sufuria. Kando yake alikaa bibi, mikono miwili juu hewani. Nyuma alikaa pacha wa pili, na mama yao, mkunga mzima, bado na sare za kazini.

"Kona," alisema mwenye mfuniko.

Wote wanne wakaegemea kulia. Bibi akafumba macho. Kisha wakatoa, kwa pamoja, ule ukelele mrefu wa mpira na lami, na Mama Mapacha akapiga kishindo sakafuni kwa miguu miwili, na wakacheka mpaka mwenye mfuniko akauangusha.

Muuza magodoro alisimama pale na buti mkononi. Alifikiri kurudi nje akakohoe, aingie upya kama mtu mwenye heshima yake. Lakini bibi alikuwa amefumbua macho na ameshamwona.

"Mwanangu," akasema, na wote wakageuka, na kicheko kikawafia midomoni. Bibi hakuteremsha mikono. "Twende kliniki. Nyuma kuna nafasi."

Mkewe alisogea kidogo. Muuza magodoro aliweka buti chini, akavuka chumba kwa soksi, akajibana kando yake kwenye kiti cha nyuma, magoti yamekunjamana karibu na kidevu.

"Tunapita njia gani?" aliuliza pacha aliyekuwa akiendesha, huku akiokota mfuniko.

"Ya makaburini," akasema baba yao. "Ina kona nzuri."